Nilichoandika Chini ya Mahojiano Yale

Kilichonikera kwanza ni vile vicheko vya mashabiki. Kicheko cha mtu aliye mbele yako unaweza kukikata kwa jicho moja tu. Hivi vilikuwa vile vikatuni vya njano vinavyotokwa machozi kwa kucheka, vimepangwa kumi, ishirini, mstari mzima, chini ya klipu ya dakika tatu. Klipu yenyewe ni kipande cha mahojiano ya zamani ya televisheni. Anayehojiwa ni mwigizaji ambaye pia ni mwimbaji. Leo ni staa mkubwa, lakini katika klipu ile bado ni binti mwembamba mwenye nywele za dawa na blauzi iliyomzidi mabega. Mtangazaji anamuuliza nani kamfundisha kuimba. Binti anacheka, anaziba mdomo kwa kiganja, anasema, "Mama mmoja hivi, mtaani kwetu." Kisha, bila hata kuombwa, anaimba mistari minne huku akipiga makofi, na mtangazaji, mwanamume mzima na tai yake, anapiga naye.

Wimbo ule ni wa ndani. Na huyo mama mmoja hivi ni mama yangu.

Mama yangu alikuwa kungwi. Msichana akivunja ungo, au siku zake za kuolewa zikikaribia, familia yake ilimkabidhi kwa mama na wenzake, wakafunga milango na madirisha, wakamfunda kwa ngoma na nyimbo. Yanayosemwa humo hayatoki. Nyimbo zake haziimbwi mbele ya mwanamume, wala mbele ya mwanamke ambaye mwenyewe hajachezwa, yaani hajafundwa. Kwa hiyo asinitegemee mtu niiandike mistari ile hapa. Mwaka huu nimeshaandika vya kutosha.

Staa huyo aliwahi kuishi kwetu. Nyumba yetu ya Temeke ina vyumba vya uani vya kupangisha, na yeye alikuja akiwa msichana, amefuatana na shangazi yake, wametoka bara. Shangazi akamwomba mama amcheze binti, kwa kuwa huku mjini hawakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono. Alikaa ndani siku saba. Siku ya kutolewa nje mama alimsimamisha mlangoni, amevaa kanga mpya, amepakwa liwa usoni, na majirani wakapiga vigelegele. Baada ya muda akaanza maigizo, akahama, akawa mtu wa kuonekana kwenye runinga.

Mahojiano yaliporushwa mara ya kwanza mimi nilikuwa chuo cha ualimu, mkoani. Runinga ya bweni ilikuwa moja, imefungiwa juu ukutani ndani ya kizimba cha nondo, na mimi ndiye niliyewaita wenzangu waje wamwone mpangaji wetu. Nilikuwa nimejigamba wiki nzima. Alipoanza kupiga yale makofi, wenzangu wakashangilia, nami nikatazama sakafu. Likizo nilipofika nyumbani nikamkuta mama anakuna nazi. Nikamuuliza kama aliona.

"Niliona," akasema, akaendelea kukuna.

Basi. Hakuongeza neno, wala siku nyingine hakulizungumza. Mimi nikaamua mwenyewe kwamba ukimya ule ni kidonda, na kwa kuwa mama hakasiriki, nitakasirika mimi kwa niaba yake. Nilikasirika miaka na miaka. Filamu ya yule dada ikitokea kwenye runinga, nabadilisha stesheni. Wimbo wake ukipigwa kwenye harusi, nakumbuka ghafla kwamba nina kazi jikoni. Mama alikuwa akiniangalia tu. Hakuuliza.

Klipu ilirudi mwaka ambao binti yangu alikuwa amechumbiwa. Huyu ndiye mjukuu pekee wa mama. Mimi mama hakunifunda, maana mwanamke hamfundi mwanawe wa kumzaa; nilikabidhiwa kwa mwenzake wa Mbagala. Kwa mjukuu hakuna kizuizi hicho. Mama magoti yalishamchosha, watu wakimfuata akawa anawaelekeza kwa wengine, lakini kwa huyu aliweka ahadi tangu mtoto yuko darasa la kwanza: "Huyu namfunda mwenyewe, nikimaliza nipumzike." Ngoma yake alishaipeleka Kimbiji kwa kungwi mkubwa wao ili ikawambwe ngozi mpya. Asubuhi nilikuwa namsikia chumbani akijipimia sauti taratibu, anakatisha akisikia nyayo. Sijamwona mama akisubiri kitu kama alivyokuwa akiisubiri siku ile.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha klipu. "Mama, cheki, staa wako usiyempenda." Nani aliitoa kwenye makabati ya zamani na kuirusha mtandaoni, sijui mpaka leo. Nikasoma komenti. Huyu anaandika malkia hazeeki. Yule anasema bora pua ile ya zamani. Mwingine, wangapi tupo hapa tukitoka kuangalia filamu yake mpya. Kundi zima linabishana kama ngozi yake ni ileile au amejichubua, na wanatukanana mama zao kwa sababu ya rangi ya mkono wa mtu ambaye hawajawahi hata kumwamkia. Wanaume wakajitokeza kueleza maana ya wimbo. Mmoja alidai ni wimbo wa kuvuna mpunga. Mwingine akasema ni wa msiba, akashukuriwa na watu mia na kidogo kwa elimu aliyoitoa. Mtu unabaki na simu mkononi, majibu yote unayo, na hata moja huruhusiwi kulitoa.

Wiki haijaisha, wakauchanganya na mdundo wa singeli. Bodaboda zikawa zinapita nao. Mimi nafundisha shule ya msingi Gongo la Mboto, na siku moja wakati wa mapumziko nikawakuta wasichana wa darasa la tano wamejipanga mistari miwili wanapiga makofi yaleyale, wavulana wanaitikia. Nikawatawanya kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua. Mmoja akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwalimu, si wa kwenye simu?"

Nimweleze nini mtoto wa miaka kumi na moja? Mwalimu mkuu, mzee mpole kutoka bara, akanicheka ofisini. "Mwalimu, waache watoto wacheze. Huo si ndio utamaduni wenu watu wa Pwani?" Akarudi kwenye makaratasi yake, na dakika moja baadaye nikamsikia naye anaung'ong'a puani, hana habari.

Jioni hizo nilikuwa nasahihisha madaftari kwa mkono mmoja na kupekua komenti kwa mwingine. Binti yangu akawa ananiambia, "Mama, achana nao. Hao mashabiki tu, kesho wana kingine." Alisema kweli, lakini mimi sikutaka kweli, nilitaka haki. Ndipo shabiki mmoja, mwenye picha ya waridi mahali pa sura yake, akaandika kwamba malkia wao alizaliwa na kipaji, wimbo aliutunga mwenyewe akiwa mdogo, na hakufundishwa na mtu yeyote chini ya jua.

Kichwa kikaniwaka. Nikaandika:

"Hakuutunga. Wimbo huo una wenyewe, na aliyemfundisha ni mama yangu mzazi, kungwi, hapahapa Temeke. Alikuja kwetu hata kupiga kofi hajui. Mkimsifu, jueni na sifa kazitoa wapi."

Nikahakiki nukta na mikato, kama kawaida yangu, nikatuma.

Nitasema ukweli: siku mbili za kwanza nilifurahi. Watu wakaandika bibi apewe maua yake. Wakaandika tunamwomba bibi atoe albamu. Mmoja aliniita hazina ya taifa, mimi ambaye hata kwenye kikao cha walimu sijawahi kupigiwa makofi. Nilikuwa nazisoma nikiwa nimesimama jikoni, wali unashika chini. Nilimtazama mama akipita kwenda kutawadha na nikajiambia, subiri tu, utakuja kunishukuru.

Siku ya tatu, mtu wa televisheni ya mtandaoni akamwekea yule staa maiki mdomoni akiwa anatoka kwenye shughuli. Akamuuliza kuhusu kungwi wa Temeke. Staa hakucheka. "Hapana jamani, hakuna mama yeyote," akasema. "Niliusikiaga tu utotoni, hata sikumbuki wapi. Naomba hili tuliache." Akaingia kwenye gari.

Mashabiki wakageuka wote kwa mkupuo. Nikawa mwalimu wa kiki. Waliosema bibi apewe maua ndio hao wakasema mtu akifanikiwa tu ndugu wanachipuka. Mmoja akaandika kesho huyu atasema kamzaa kabisa. Mwingine akataka ajulikane ninafundisha shule gani, maana watoto wetu wako mikononi mwa waongo. Vikatuni vya njano vikarudi, safari hii vinanicheka mimi.

Lakini wao hawakuniuma kama yeye. Amekula kwetu. Amelala kwetu. Mama yangu kampaka liwa kwa mikono yake, halafu mbele ya dunia nzima anasema hakumbuki. Mori ukanipanda. Nikafungua kabati, nikatoa albamu, nikaitafuta picha ya siku ya kutolewa nje: yeye amesimama na kanga zake mpya, mama kamshika bega, nyuma mlango wetu na namba ya nyumba juu yake. Nikaipiga kwa simu, nikaiweka. Chini yake nikaandika, "Na hii je, pia hukumbuki?"

Mama wakati huo alikuwa chumba cha pili anaswali Alasiri. Ningesubiri atoe salamu, nikamuuliza, ingenichukua dakika tano. Sikusubiri.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, pakabishwa hodi. Mama akatoka mwenyewe, akidhani ni watu wa kuomba kuchezewa binti, maana huja mapema hivyo. Mlangoni alikuwa dada mmoja ana maiki na mwenzake ana kamera.

"Shikamoo bibi! Tuko mubashara hapa, mashabiki wanakusubiri kwa hamu. Tuimbie kidogo tu bibi, ile ya kwenye mahojiano."

Mama akavuta kanga akajifunika uso wote, akarudi ndani kinyumenyume, akafunga mlango. Nilimsikia anapumua. Akaniuliza, "Wamenijuaje?"

Nikampa simu. Akaisogeza picha ile karibu na macho.

"Umeitoa kwenye albamu?"

"Nimeipiga picha tu mama, yenyewe ipo palepale."

Kana kwamba hilo ndilo alilouliza. Akanirudishia simu, akaenda kukaa kitandani. Nje yule dada alikuwa bado anawaelezea mashabiki rangi ya ukuta wetu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya mchana, wakaja makungwi wenzake watatu: mkubwa wao wa Kimbiji, yule wa Mbagala aliyenifunda mimi, na mmoja wa Tandika. Walikuja bila kupiga simu. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba bila kuniangalia, wakaketi kwenye mkeka na mama, nami nikaenda kuleta chai. Moyoni nilijua wamekuja kwa ajili ya yule staa. Nilishafuta komenti zote, ingawa haikusaidia, watu walikuwa wamezipiga picha zamani na zinazunguka zenyewe. Lakini nilidhani sasa, hatimaye, wazee watamwita wamshikishe adabu. Nikaanza kuwaeleza mwenyewe, kwa kiherehere cha mtu aliyeudhika miaka mingi: kwamba kaimba mbele ya mwanamume, kwamba sasa anatukana, anasema hamkumbuki mama.

Mkubwa akanyoosha kiganja. "Yule tulishamaliza naye."

"Mlimaliza naye lini, bibi?"

"Wewe ukiwa huko chuoni kwenu. Wiki ileile aliyouimba. Alikuja hapa mwenyewe, hajaitwa, kavua viatu kule barabarani. Kaleta kuku mweusi na kaniki, kakaa chini hapo ulipokaa wewe. Tukamsema mpaka kalia. Kaapa. Tukamsamehe, na mama yako ndo alikuwa wa kwanza kumsamehe."

Nikamtazama mama. Alikuwa anaangalia ukindu wa mkeka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ya ndani hayo," mama akasema. "Ningekwambiaje?"

"Alikosa, lakini nyumba hakuitaja," yule wa Mbagala akaendelea. Alinifunda yeye, na sauti ile naijua, haipandi wala haishuki. "Kasema mama mmoja hivi. Miaka yote hii wamemuuliza, hajataja nyumba wala mtu. Juzi kaulizwa tena, kaficha tena, na wewe ukamwita mwongo. Yule mtoto wa watu katushikia kiapo. Mwanetu ndo kakianika."

Nikasema nilikuwa namtetea mama. Nilisema watu walikuwa wanasema wimbo hauna mwenyewe, na mimi sikuweza kuvumilia. Maneno mengine sikumbuki, nilikuwa nimeanza kulia na nikawa nayarudia yaleyale.

"Nani alikutuma?" mama akauliza. Hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mkubwa akaeleza taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine barua. Kungwi ambaye mlango wake unajulikana na wanaume, sura yake iko mikononi mwa kila mpita njia na wimbo wake umebandikwa jina lake, mwali gani atakabidhiwa kwake akae kwa amani? Mwali atakuwa anasikiliza kama nje kuna kamera. Na kosa likitoka ndani ya nyumba ya kungwi, ni la nyumba ile. Ndivyo walivyoikuta mila wao. Ngoma itabaki Kimbiji.

"Nitozeni mie," nikasema. "Kosa langu, nitozeni mie. Yeye hajui hata kuwasha hiyo simu."

"Wewe tutakutoza. Mama yako hatumtozi. Tunampumzisha."

"Na mjukuu wake?"

Hapo wote watatu wakamtazama mama, nikajua walishalizungumza kabla sijaingia na chai. Mama akajisawazisha kanga begani.

"Wa Mbagala atamfunda," akasema. "Kamfunda mamake, atamfunda na yeye. Ni sawa."

Haikuwa sawa, na kila aliyekuwa pale alijua. Niliwapigia magoti, nikaleta kuku na kaniki, nikakaa chini nikasemwa, nikaapa nami. Wamenisamehe, na hata haya niliwaomba ruhusa kabla sijayaandika, wakaniruhusu mradi nisitaje la ndani. Binti yangu alilia siku mbili, akataka ndoa ifungwe bila kufundwa kabisa. Bibi yake ndiye aliyembembeleza. Mashabiki nao, wiki ya pili tu, walishahamia kwenye ugomvi wa wasanii wengine wawili, na ukitafuta leo hakuna anayekumbuka tulitukanana nini.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi binti yangu alipoingizwa ndani, chumba cha mbele, nyumbani kwetu. Mimi mama yake sina nafasi mle, kwa hiyo nilikaa uani nachambua mchele wa wageni. Mama akatoka na kigoda chake akaja kukaa karibu yangu, chini ya dirisha la chumba kile. Hakuchagua mahali pale kwa nia mbaya, ndipo penye kivuli saa zile. Akavuta ungo wa pili, tukachambua. Ndani ngoma ikagongwa mara moja, ya kujaribu, na nikaona vidole vya mama vimesimama juu ya mchele.

Dirisha likafunguka. Alikuwa mwanamke mmoja kijana aliyekuja na kungwi wa Mbagala, anajifunza kazi. Hakuwa mtu wa mtaani kwetu, na sidhani alikuwa anatujua.

"Samahanini mama zangu," akasema kwa adabu zote. "Nafunga. Tunaanza, na hapa nje kuna watu."

Mama akainua uso, akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. "Funga mwanangu," akasema. Akainuka kwa shida ya yale magoti, akakisogeza kigoda chake mbele kidogo, juani, ili mbao za dirisha zipate nafasi ya kufungika.

Mdomo ulishanifunguka kumwambia yule binti kwamba huyu siyo mtu wa nje. Nikaufunga. Nikahamisha ungo wangu, nikamfuata mama juani.